SIKUMWONA

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba ajali haina kinga. Tangu nikiwa darasa la nne nimeitia methali hiyo katika kila insha ya ajali niliyoandika, na walimu wamekuwa wakiipigia mstari kwa wino mwekundu na kuandika "vyema" pembeni. Mwaka jana niliacha kuitumia. Ndugu msomaji, keti kitako nikusimulie sababu.

Mimi ni mwanafunzi wa kutwa. Nyumbani kwetu ni Maungu, kaunti ya Taita Taveta, kando ya ile barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi. Wanaoijua barabara hiyo hawahitaji kuelezwa. Malori yenye mizigo kutoka bandarini hupita usiku na mchana, mengine yakielekea Uganda, mengine Rwanda, mengine Kongo. Madereva husimama hapa kwetu kula, kulala na kukagua magurudumu. Alfajiri malori huwa yamejipanga kando ya lami kama ng'ombe zizini, nasi wana wa shule hupenya katikati yake tukienda kutafuta elimu.

Kila asubuhi mimi hutoka na mdogo wangu, kitinda mimba wetu, ambaye wakati huo alikuwa Gredi ya Tatu. Shule yake iko ng'ambo ya barabara, yangu iko mbele kidogo. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kumshika mkono, kumvusha na kumwacha langoni. Mama yetu huuza mboga, hivyo huondoka mapema kutuliko. Kabla ya kutoka husema maneno yale yale: "Mshike mkono mpaka mvuke. Umesikia?" Nami hujibu, "Ndiyo, mama," hata kabla hajamaliza.

Ilikuwa Jumanne moja ya mwezi wa Februari, mwaka wa 2025, nami nikiwa Kidato cha Pili. Tulikuwa na mtihani wa Biolojia na ukweli ni kwamba nilikuwa sijasoma. Giza lilikuwa bado halijaondoka vizuri. Nilitembea huku nikikariri vali za moyo, daftari mkono wa kushoto, tochi mkono wa kulia. Ndugu msomaji, binadamu ana mikono miwili tu.

Mdogo wangu ana mazoea yake. Akitaka kukimbia, kwanza huvuta mikanda ya begi juu kwa mikono yote miwili, kisha huinua kisigino. Nimemjua hivyo tangu alipoanza chekechea. Ukiona mikanda imevutwa, mkamate shati, maana ukingoja kidogo utamkuta keshafika mbali. Siku hiyo alimwona rafiki yake ng'ambo ya barabara. Nina hakika alivuta mikanda. Nina hakika aliinua kisigino. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa, lakini macho yangu yalikuwa daftarini.

Nilisikia breki zikilia, kisha kishindo, kisha sauti ya mama muuza chapati: "Woi! Mtoto!"

Nilimkuta mdogo wangu amelala mbele ya lori lililoegeshwa, mguu wake wa kulia umepinda mahali pasipo na kiungo. Hakuwa akilia. Alikuwa akinitazama tu. Kando yake pikipiki ilikuwa imeanguka, gurudumu bado likizunguka, na mwenye bodaboda amejishika kichwa akisema, "Sikumwona! Haki ya Mungu sikumwona! Ametoka tu hapo mbele ya lori, mimi sikumwona!" Vijana wawili walikuwa wameshaokota mawe. Mama muuza chapati alisimama katikati yao na kufoka, "Mkishampiga ndio mguu utapona? Tafuteni gari!" Likatafutwa gari, tukakimbizwa hospitalini mjini Voi. Yule mwenye bodaboda alikuja pamoja nasi, akakaa kwenye benchi mpaka jioni.

Mama alifika akiwa bado amejifunga leso ya sokoni. Alimtazama mdogo wangu na plasta yake kutoka kwenye vidole hadi juu ya goti. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapo hapo, mama."

"Hukumwona?"

"Sikumwona."

Lile lile neno la mwenye bodaboda likatoka kinywani mwangu. Mama hakunipiga wala hakunitukana. Afadhali angenipiga.

Mguu ulipona, alhamdulillahi, ingawa mvua ikikaribia kunyesha husema unamuuma. Lakini neno "sikumwona" halikuniondoka. Nililibeba mwaka mzima kama mwiba kwenye unyayo.

Muhula wa kwanza mwaka huu, mlezi wa chama chetu alitangaza hoja ya mjadala: "Magari yanayojiendesha na vifaa vya kuvaliwa vitamaliza ajali za wanaotembea kwa miguu." Nilipewa kuongoza upande wa kuunga mkono. Wenzangu walifikiri nitakataa kwa sababu ya yaliyotupata. Kumbe mimi niliipokea kwa mikono miwili. Nilitaka kujua kama kuna jicho lisiloweza kusema "sikumwona."

Mwalimu wa Fizikia alinisaidia sana. Tulikaa katika chumba cha kompyuta mara tatu baada ya masomo, naye akanieleza mambo pole pole. Gari linalojiendesha lina macho ya aina mbalimbali: kamera, rada, na mengi yana miale ya leza inayopima umbali wa kila kitu kilicho mbele. Kompyuta hukusanya habari hizo na kuamua: endesha, punguza mwendo, simama. Si hadithi ya alinacha. Tangu mwaka wa 2020 kampuni ya Waymo imekuwa ikiwabeba abiria wa kawaida katika mji wa Phoenix, nchini Marekani, bila mtu yeyote kwenye usukani.

Hata hivyo kamera haioni kupitia lori. Hapo ndipo vifaa vya kuvaliwa vinapoingia. Mtu huvaa saa, kofia au kidude kidogo kinachopeleka habari kwa mawimbi ya redio: mimi niko hapa, naenda upande huu, kwa mwendo huu. Gari hupata habari hizo hata kama mtu mwenyewe amefichwa na kitu. Mwaka wa 2013 kampuni ya Honda ilionyesha jambo hilo kwa kutumia simu ya mkononi iliyowasiliana na gari. Mwaka wa 2015 kampuni za Volvo, Ericsson na POC zilionyesha kofia ya mwendesha baiskeli inayozungumza na gari kwa namna hiyo. Nilipoyasoma hayo nilimwona mdogo wangu mbele ya lile lori, na saa mkononi, na pikipiki ikipewa habari zake mapema. Nilifunga macho kidogo. Mwalimu akaniuliza kama nimechoka.

Kuna njia ya pili, nayo ndiyo iliyonigusa zaidi. Watu hujitolea kufungwa vihisi vidogo kiunoni, miguuni au viatuni, kisha wanatembea, wanasimama, wanageuka, wanakimbia. Kila mtikisiko hurekodiwa na kompyuta hufundishwa kutokana nao. Hii ni kwa sababu mwili hutoa siri kabla ya mguu kuondoka. Jaribu sasa hivi, ndugu msomaji: simama, kisha anza kutembea. Utahisi uzito wako unahamia upande mmoja kwanza, na ndipo mguu wa pili unapoinuka. Mwaka wa 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walieleza jinsi walivyokuwa wakiifundisha kompyuta kutabiri mwendo wa mtu kwa kuangalia namna anavyotembea, mwili wake ulivyokaa na mahali anapoweka mguu. Mwalimu alinifanyisha hesabu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kwa sekunde moja. Ukilipa onyo la nusu sekunde, umelipa mita 7. Mita 7 ni kutoka ubao wa darasa letu hadi dawati la nyuma.

Nikawaza: basi watu wenye shahada kubwa kubwa wanahangaika kuifundisha mashine kitu ambacho mimi nilikuwa nacho bure. Mikanda ya begi na kisigino. Hiyo nusu sekunde nilikuwa nimepewa.

Siku ya mjadala ukumbi ulijaa hadi madirishani. Nilianza na ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka wa 2023: watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na takriban mmoja katika kila watano ni mtu anayekwenda kwa miguu. Kwa walio na umri wa miaka 5 hadi 29, hakuna kinachoua kuliko barabara. "Umri huo," nikasema, "ni wa kila mwanafunzi aliyeketi humu." Ukumbi ukanyamaza jii. Nikaeleza saa, kofia na vihisi, nikamalizia kwa sauti kubwa kwamba kila mtoto wa shule avalishwe kifaa na ajali za namna hiyo zitakuwa hadithi. Makofi yalinidumu masikioni hadi nje.

Mpinzani wangu, kaka mmoja wa Kidato cha Nne, aliuliza swali moja tu: "Mheshimiwa mwenyekiti, walio na saa hiyo wainue mikono." Watu wakacheka. Nami nikajibu kwamba hata simu za mkononi zamani zilikuwa za matajiri, leo kila mama muuza nyanya anayo. Tukashinda kwa kura nyingi.

Nilifika nyumbani nikiwa nimejaa kama pishi. Nyanya alikuwa uani akichambua kunde. Nikaketi kumsaidia na nikamsimulia mambo yote, saa, redio, hata nusu sekunde. Alisikiliza bila kunikatiza. Mwishowe akauliza, "Kwa hiyo mjukuu wangu, gari hilo likinikuta mimi sina saa, mimi si mtu?"

Nikacheka. "Aa, nyanya, hata wewe litakuona. Saa ni ya kuongezea tu."

"Umehakikisha?"

Sikuwa nimehakikisha. Siku ya pili nilirudi katika chumba cha kompyuta, safari hii bila mjadala wowote mbele yangu, nikasoma kile nilichokuwa nimekiruka kwa sababu hakikuufaa upande wangu. Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, katika mji wa Tempe, jimbo la Arizona, mwanamke mmoja alikuwa akivuka barabara huku akisukuma baiskeli. Gari la majaribio la kampuni ya Uber, likijiendesha, lilimgonga naye akafa. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za uchukuzi ilitoa matokeo yake mwaka wa 2019. Ndugu msomaji, gari lile halikukosa kumwona. Lilimwona sekunde 5.6 kabla ya kumgonga! Lakini halikujua ni nani. Mara likamwita gari, mara kitu kingine, mara baiskeli, na kila lilipobadilisha jina lilisahau alikotoka, hivyo halikuweza kukisia anakoelekea. Halikuwa limeundwa kufikiria kwamba mtu anaweza kuvuka mahali pasipo na kivuko. Na binadamu aliyewekwa kwenye kiti cha dereva ili alichunge, alikuwa akitazama simu.

Nilisoma aya hiyo mara mbili. Mwenzangu huyo alikuwa na simu, mimi nilikuwa na daftari.

Nikaendelea. Mwaka wa 2023 watafiti wa King's College London, pamoja na wenzao wa China, walitangaza matokeo ya kupima programu 8 za kutambua watu barabarani. Walikuta kwamba watoto walikosa kuonekana zaidi kuliko watu wazima, tofauti ikikaribia asilimia 20. Watoto! Wale wenye kimo kifupi, wanaotoka mbele ya malori ghafla, ndio wanaoonekana kidogo.

Vilevile nikajifunza udhaifu wa vifaa vyenyewe. Simu ya kawaida ikijitafutia mahali ilipo kwa satelaiti, huweza kukosea kwa mita kadhaa hata penye uwazi. Kwetu Maungu, mita tatu ndizo tofauti kati ya mtoto anayenunua mandazi kando ya barabara na mtoto aliye katikati ya lami. Betri nayo huisha. Na kifaa kinachosema "niko hapa" kila saa humwambia mtu mwingine pia mahali ulipo, na si kila anayetaka kujua alipo mtoto ana nia njema.

Basi nikamjibu nyanya jioni ile. "Nyanya, ulikuwa na haki kuuliza. Halikumjua yule mwanamke, na hakuwa na kosa lolote la kuwa mtu." Nyanya akatikisa kichwa na kusema, "Sisi hapa tunavuka popote tunapopata nafasi. Wajifunze hilo kwanza."

Sisemi kwamba teknolojia hii ni mbaya. Mwenye kuisema vibaya hajawahi kukaa kwenye benchi la hospitali akingoja mlango ufunguliwe. Vihisi vinavyoifundisha mashine kumjua mtu jinsi anavyotembea, mimi naviunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu mashine ikishafundika itamtambua hata asiyevaa chochote, mradi imefundishwa kwa mwendo wa watu wa kila aina: mtoto mwenye begi zito, mama mwenye ndoo kichwani, mzee wa bakora. Lakini siku itakayosemwa kwamba aliyegongwa alijitakia kwa kuwa hakuvaa saa, siku hiyo tutakuwa tumempa mwenye gari neno jipya la kujitetea. Atasema, "Sikumwona, hakuwa na kifaa." Mzigo wa kuonekana utakuwa umetwikwa asiye na kitu, na mwenye injini ataenda zake.

Kwa hiyo, kama mjadala ungerudiwa leo, sijui ningeketi upande gani. Mwenyekiti atanisamehe.

Magari hayo hayajafika Maungu, na pengine nitamaliza shule kabla hayajafika. Malori yapo. Bodaboda zipo. Kwa hivyo nilifanya niliyoyaweza. Yule mwenye bodaboda, ambaye siku hizi husimama kutusalimu, alinipa jaketi lake kuukuu la reflekta lililoraruka. Nikakata tepe zake za rangi ya fedha na kuzishona kwenye begi la mdogo wangu, mbili nyuma na moja kwenye kila mkanda. Mwalimu wa Fizikia alinieleza kwamba tepe hizo huurudisha mwanga kule kule ulikotoka, ndiyo maana dereva mwenye taa huziona ziking'aa kutoka mbali. Hiki nacho ni kifaa cha kuvaliwa. Hakina betri, na hakimwambii mtu yeyote habari zako ila aliye na taa mbele yako.

Nilizishona kwenye begi moja. Wiki iliyofuata kulikuwa na watoto wanne uani kwetu, kila mmoja na begi lake. Jaketi limekwisha. Mlezi wa chama amekubali tukusanye mengine makuukuu kutoka kwa wenye bodaboda, nasi tutashona kila Ijumaa baada ya mkutano wa chama. Walio na sindano na uzi mgumu wa nailoni waje navyo.

Jambo la pili ninalowaomba wenzangu, hasa ninyi wa kutwa mnaotembea na wadogo zenu: daftari likae ndani ya begi mpaka mvuke. Mtihani una marudio. Nilipata alama 31 katika ule wa Biolojia nilioufanya wiki mbili baadaye, na hakuna aliyekumbuka isipokuwa mimi. Mjue mdogo wako hufanya nini kabla ya kukimbia. Kila mtoto ana lake. Mmoja huuma mdomo, mwingine hugeuka kukutazama kama anayeomba ruhusa ambayo hataisubiri.

Mdogo wangu sasa yuko Gredi ya Nne, na hataki tena kushikwa mkono mbele ya marafiki zake. Anasema yeye si mtoto. Tumepatana kwamba nitamshika begi badala ya mkono, kwa nyuma, mahali ambapo hawaoni. Jana asubuhi tulisimama kando ya lori la Kongo tukingoja nafasi. Nikahisi mikanda imevutika juu.

"Bado," nikamwambia.

"Umejuaje?" akauliza.

Sikumjibu. Tulingoja lori mbili zipite, kisha basi, kisha tukavuka.